Kazi ya Ngozi kwa Anayeanza: Mshipi Mmoja Mwema Washinda Mikoba Kumi Mibovu

Kila asubuhi maelfu ya watu hutoka katika mitaa ya mashariki ya Nairobi kwenda kazini, na ni wachache sana miongoni mwao wasiochukua kitu cha ngozi: mshipi kiunoni, viatu miguuni, mkoba begani, au kifuko kidogo cha fedha. Vitu hivi twavitumia pasipo kuvifikiri. Lakini kila kimoja kilipita katika mikono ya fundi, na fundi huyo naye alikuwa na siku ambayo hakujua hata namna ya kushika kisu.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu aliye katika siku hiyo ya kwanza. Huenda ni kijana wa Mbotela aliyemaliza shule na bado hajapata kazi. Huenda ni mama mwenye saa mbili za nafasi baada ya kazi za nyumba, au mzee aliyestaafu ambaye mikono yake haipendi kukaa bure. Kila mmoja wao ana akiba ndogo, na swali lake ni moja: Je, nikiitia akiba hii katika kazi ya ngozi, itarudi au itapotea?

Jibu letu ni kwamba jambo hili hukatwa katika mwezi wa kwanza. Mtu aweza kuishindwa kazi hii, wala si kwa kukosa akili, bali kwa kuwa alinunua vitu kabla ya kujua matumizi yake, akaanza na kazi kubwa kabla ya ndogo. Fedha zikaisha, moyo ukavunjika, na vyombo vikawekwa chini ya kitanda. Yafaa basi tueleze njia nyingine, ambayo ni ya gharama ndogo na yenye matumaini zaidi.

NGOZI HAISAHAU

Kwanza hapana budi kufahamu tabia ya ngozi, maana haifanani na vitu vingine vitumiwavyo na mafundi. Mshona nguo akikosea mshono, huufumua na kushona tena, na kitambaa hakionyeshi dalili. Mfinyanzi akikosea chungu kabla ya kukichoma, huukanda udongo upya. Lakini ngozi ikisha kutobolewa, tundu halizibi. Ikisha kukatwa fupi, hairefuki. Ukucha ukiikwaruza ikiwa na maji, alama hubaki hata itakapokauka. Ngozi huweka kumbukumbu ya kila jambo ililotendewa, la busara na la haraka.

Kwa hiyo mtu anayeanza asijifunzie juu ya ngozi nzuri. Makosa yake, ambayo ni lazima yatokee, yafaa yatokee mahali ambapo kosa halina bei. Mahali hapo ni juu ya mabaki, yaani vipande vidogo vinavyobaki fundi mwingine akisha kukata mkoba au viatu. Wazee walisema: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika kazi hii, kuinama ndiko huku, kuokota vipande na kuvishona hata mkono uzoee, kabla ya kutamani ngozi nzima.

KAZI YA TANGU ZAMANI

Mtu asidhani kwamba ufundi huu ni mgeni katika nchi zetu. Kabla ya vitambaa kuenea, Wamasai, Wakikuyu, Wakamba na watu wengine wengi walivaa ngozi. Waliziwamba kwa vijiti, wakazikwangua nyama, wakazipaka mafuta na kuzisugua mpaka zikawa laini. Huko pwani, mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulijulikana katika karne ya 19 kwa wanavyuoni wake na kwa mafundi wake, na kazi ya ngozi ilikuwa miongoni mwa kazi zilizoupa sifa. Makubadhi, yaani viatu vya ngozi vya Waswahili, ni kazi ya mkono ambayo hata leo yaweza kuonekana katika miji ya pwani.

Mtaa wa Mbotela wenyewe wachukua jina la ukoo unaojulikana na wasomaji wa Kiswahili, kwa kuwa James Mbotela ndiye aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Mtaa huo uko kando ya barabara ya Jogoo, jirani na Makongeni, na nyumba zake zilijengwa katika miaka ya 1950. Vyumba si vikubwa, na majirani wako karibu. Lakini hilo si kizuizi. Kazi ya ngozi, tofauti na useremala, haitaki uwanja. Yataka kiti, meza ndogo, mwanga mzuri, na subira. Mtu akikaa karibu na dirisha au kizingitini pa mlango wake ana karakana ya kutosha.

JIFUNZE KUISOMA NGOZI

Ngozi itokapo machinjioni bado si ngozi ya fundi. Kwanza hutiwa chumvi au hukaushwa isioze. Kisha kiwandani hulowekwa maji, hutiwa chokaa ili manyoya yalegee, hukwanguliwa nyama na mafuta yaliyobaki, ndipo hutiwa dawa ya kuifanya idumu. Dawa hizo ni za namna mbili kubwa.

Namna ya kwanza ni ya magome ya miti. Hapa Kenya mti uliotumika sana kwa kazi hiyo ni mwati, ambao asili yake ni Australia, nao ulianza kupandwa katika nchi yetu mwanzoni mwa karne ya 20. Magome yake yalichemshwa katika viwanda vya Thika na Eldoret ili kupata dawa ya ngozi, na dawa hiyo iliuzwa hata ng'ambo. Ngozi ya magome huchukua majuma mengi kuwa tayari. Rangi yake ni ya kahawia hafifu, nayo ni ngumu kiasi. Ukiitia maji kidogo na kuikunja hushika umbo ulilolipa, na ukiipiga chapa alama hukaa.

Namna ya pili ni ya chumvi ya madini yaitwayo kromiamu, iliyoenea tangu mwisho wa karne ya 19. Hufanya kazi kwa muda mfupi sana, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya ngozi ulimwenguni siku hizi hutengenezwa kwa njia hiyo. Ngozi yake ni laini na huvumilia maji, nayo yafaa kwa mikoba na sehemu ya juu ya viatu. Lakini haishiki chapa, na kingo zake hazing'ai kwa kusuguliwa.

Mtu ataitambuaje? Atazame ukingo uliokatwa. Ikiwa ndani ni kahawia tangu juu hata chini, aghalabu ni ya magome. Ikiwa kati yake paonekana rangi ya kijivu au ya samawati, ni ya kromiamu. Na ikiwa nyuma yake pana kitambaa kilichofumwa, basi hiyo si ngozi kabisa. Ni reksini au plastiki iliyotiwa sura ya ngozi, na baada ya miezi michache itaanza kubanduka kama rangi ya ukuta. Anayeanza na achague ngozi ya magome, kwa sababu ndiyo imfundishayo mtu vizuri zaidi.

Tena ajue kwamba katika ngozi moja mna ngozi nyingi. Sehemu ya mgongo ni nene, imara, wala haivutiki upesi. Sehemu ya tumbo hulegea na kunyoosheka. Shingo ina mikunjo. Mshipi hukatwa mgongoni, kwa urefu, kufuata njia ya kichwa kwenda mkia. Mtu akikata mshipi tumboni kwa kuwa ngozi ya hapo ni rahisi, baada ya muda mfupi utavutika kama mpira, na mnunuzi hatarudi.

Vilevile atazame makovu. Alama ya chuma cha moto, tundu la kupe, mkwaruzo wa miiba na jeraha la kisu cha mchunaji hazifichiki. Katika miaka ya 1950 maofisa wa mifugo wa Afrika Mashariki walihimiza sana watu wasikaushe ngozi chini juani, bali waziwambe katika fremu kivulini, na wachunaji wasizikate ovyo. Mafundisho hayo yangali ya kweli. Ngozi huanza kuwa nzuri au mbaya ng'ombe angali hai, na fundi wa mwisho hana uwezo wa kuyaondoa makosa ya wale waliomtangulia. Awezalo ni kuyaona kabla ya kulipa.

VYOMBO VICHACHE

Sasa tuje kwenye vyombo. Hapa ndipo akiba ya watu wengi huweza kupotea, kwa maana maduka yana vyombo vya kila namna vyenye kung'aa, na kila kimoja huonekana cha lazima. Kwa miezi ya kwanza vyatosha hivi: kisu kifupi kikali pamoja na jiwe la kunolea; rula ya chuma; sindano nene ya kutobolea iliyotiwa mpini wa mti; sindano mbili zisizo na ncha kali; uzi mnene wa katani au wa nailoni; kipande cha nta ya nyuki; ubao wa kukatia; na nyundo ndogo. Kwa kutia alama za mshono zenye nafasi sawa, uma wa mezani wafaa kabisa. Kwa kutoboa matundu ya mshipi, kipande cha bomba la chuma kilichonolewa mdomo chatosha, na mafundi wa chuma wa Kamukunji waweza kumtengenezea mtu chombo cha namna hiyo.

Mwenye kutaka ngozi aende Kariokor. Soko hilo lilipata jina lake kwa wapagazi wa jeshi wa Vita Kuu vya 1914 hadi 1918, na kwa miaka mingi limejulikana kwa mafundi wa viatu vya ngozi vyenye shanga, vikapu na mikoba. Kutoka Mbotela mtu aweza kwenda kwa matatu, au kwa miguu akipitia Shauri Moyo na Pumwani. Akifika asiombe ngozi nzima. Aombe mabaki, na akae kidogo atazame mikono ya mafundi wakikata na kushona. Atazame namna kisu kinavyovutwa, wapi kidole kinakaa, na uzi unavutwa kwa nguvu gani. Kutazama huko hakuna karo.

Njiani apite Gikomba, kwenye mitumba. Huko yaweza kupatikana mikoba ya ngozi ya kweli iliyochakaa, iuzwayo kwa bei ndogo. Akinunua mmoja na kuufumua mshono kwa mshono, ataona jinsi fundi wa mbali alivyounga vipande, mahali alipopunguza unene, na mahali alipotia kiraka cha ndani ili kuongeza nguvu. Mkoba huo wa zamani humfundisha mambo mengi, na ukisha kufumuliwa humpa ngozi ya mazoezi na bizimu za bure.

MSHONO WA SINDANO MBILI

Ikiwa kuna jambo moja ambalo anayeanza anapaswa kulijua kabla ya mengine yote, ni mshono. Kitu cha ngozi aghalabu hakifi kwa ngozi kuchakaa, bali kwa mshono kuachia.

Cherehani hutumia nyuzi mbili, mmoja juu na mmoja chini, ambazo hushikana katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatika, mshono huweza kufumuka tundu baada ya tundu. Mshono wa mkono wa sindano mbili haufanyi hivyo, kwa kuwa ndani ya kila tundu uzi umepita mara mbili, kila ncha kutoka upande wake. Upande mmoja ukikatika, mwingine ungali umeshika. Hiyo ndiyo sababu matandiko ya farasi, ambayo maisha ya mtu huyategemea, yalishonwa kwa mkono namna hii.

Namna yake ni rahisi kueleza, ingawa mkono huchelewa kuishika. Chukua uzi wenye urefu wa mara nne ya urefu wa mshono, uupitishe katika nta mara kadhaa, kisha utie sindano moja kila ncha. Toboa matundu yote kwanza, yakiwa katika mstari ulionyooka, na sindano ya kutobolea uishike kwa mwelekeo ule ule kila mara. Pitisha sindano moja katika tundu la kwanza na uvute mpaka nusu ya uzi iwe upande huu na nusu ya pili upande huu. Kuanzia hapo, katika kila tundu, sindano ya kushoto hupita kwanza, kisha ya kulia hupita katika tundu lile lile, bila kuutoboa uzi uliotangulia. Vuta zote mbili pamoja kwa nguvu iliyo sawa. Ukifika mwisho, rudi nyuma matundu mawili au matatu, kisha ukate uzi karibu na ngozi.

Kanuni ni kutobadili utaratibu. Ukianza na kushoto, anza na kushoto hata mwisho. Atakayebadili kila anapochoka ataona mshono wake ukienda kama njia ya mlevi. Ili mikono yote miwili iwe huru, vipande vyaweza kubanwa kati ya mbao mbili nyembamba zishikwazo kwa magoti.

Twamshauri anayeanza ashone mistari 10, kila mmoja wa sentimita 20, juu ya mabaki tu, kabla ya kukusudia kutengeneza kitu chochote. Aandike namba nyuma ya kila mstari. Akisha kumaliza, auweke wa kwanza kando ya wa 10. Hapo hatahitaji mtu wa kumwambia kwamba amesonga mbele.

KAZI YA KWANZA: MSHIPI

Kazi ya kwanza isiwe mkoba. Mkoba una pembe, mifuko, mkanda wa begani na mahali pengi pa kukosea. Mshipi ni kipande kimoja kilichonyooka, lakini ndani yake mna karibu ufundi wote: kupima, kukata, kupunguza unene, kutoboa, kushona na kumalizia kingo.

Tafuta ngozi ya mgongo yenye unene wa milimita 3 hadi 4. Upana ufuate bizimu uliyo nayo; bizimu ya sentimita 3 na nusu hutaka mshipi wa sentimita 3 na nusu, usizidi. Kwa urefu, usiulize namba ya suruali. Chukua mshipi wa zamani wa mtu yule, upime kutoka bizimu inapokunjiwa mpaka tundu analolitumia. Kipimo hicho ndicho kitakachofika tundu la kati. Ongeza sentimita 7 za kukunja kwenye bizimu na sentimita 15 za ncha.

Kata kwa kuvuta kisu kando ya rula mara tatu nne pole pole, si mara moja kwa nguvu. Mahali pa kukunjia, punguza unene upande wa nyama hadi nusu, kisha toboa nafasi ndefu ya kupitishia ulimi wa bizimu. Kunja, tia kitanzi cha kushikia ncha, na ushone kwa sindano mbili. Toboa matundu 5, kila moja likiwa sentimita 2 na nusu kutoka kwa mwenzake.

Mwisho ni kingo, ambazo mnunuzi huzitazama ingawa hajui kwamba anazitazama. Zipige msasa mpaka zilingane, zitie maji kidogo, kisha uzisugue kwa kitambaa kigumu au kipande cha mti laini mpaka zing'ae. Paka mafuta kidogo sana na uache mshipi ukauke kivulini. Usiuweke juani wala karibu na jiko, kwa maana joto huifanya ngozi iwe ngumu na kupasuka.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kisu kisichokata ni cha hatari kuliko kisu kikali, kwa sababu hulazimisha mkono kusukuma kwa nguvu, na nguvu ikiteleza huishia kidoleni. Noa kila mara, na mkono ulioshika ngozi usiwe mbele ya njia ya kisu.

La pili ni gundi ya mafundi viatu. Harufu yake hudhuru, nayo hushika moto upesi. Isitumiwe katika chumba kilichofungwa wala karibu na jiko la makaa. Na sote wakazi wa Nairobi twajua jinsi watoto wasio na makao walivyoharibiwa kwa kunusa gundi hiyo. Fundi aliye muungwana huifungia gundi yake, haitupi chupa ikiwa na mabaki ndani, wala hamuuzii mtoto kwa bei yoyote.

La tatu ni majirani. Nyumba zikiwa zimegusana, nyundo ya usiku ni ugomvi wa asubuhi. Kupiga nyundo kufanywe mchana. Usiku ni wakati wa kushona, ambako hakuna kelele.

BEI YA HAKI

Siku itakuja ambayo jirani atataka kununua. Hapo anayeanza huingia katika mtihani ambao hakuufikiri. Tufanye hesabu ya mfano tu, kwa kuwa bei za soko hubadilika. Tuseme ngozi ni shilingi 350, bizimu shilingi 100, na uzi, nta na mafuta shilingi 50. Jumla ni shilingi 500. Akiuuza mshipi kwa shilingi 600 atafurahi kwamba amepata faida ya 100. Lakini ikiwa kazi ilimchukua saa 4, amelipwa shilingi 25 kwa saa, na hajatenga hata senti ya kununua kisu kipya. Mtu wa namna hiyo atafanya kazi mwaka mzima, kisha aseme kwamba ngozi haina fedha, kumbe ni hesabu iliyokosekana. Aandike katika daftari gharama, saa, na fungu la vyombo, kisha ndipo ataje bei.

Mnunuzi naye atasema, "Fundi, mbona waniuzia ghali? Pale barabarani mshipi ni nusu ya bei hii."

Fundi na asikasirike. Ajibu kwa adabu, "Ni kweli, mama. Lakini tafadhali ukunje ule, kisha ukunje huu, utazame penye mkunjo."

Mshipi wa plastiki au wa unga wa ngozi uliogandishwa kwa gundi huonyesha nyufa unapokunjwa, au huanza kubanduka. Ngozi nzima hujikunja na kurudi. Maneno ya fundi huweza kutiliwa shaka, lakini mkunjo hausemi uongo. Na kwa mtu wa kipato kidogo, mshipi wa shilingi 400 unaonunuliwa kila mwaka kwa miaka mitano ni ghali kuliko ule wa shilingi 1,000 udumuo miaka hiyo yote.

MBELE ZAIDI YA MLANGO WA NYUMBA

Akisha kuwa na mkono imara, mtu asiishie hapo. Mitihani ya ufundi ya serikali imewapa mafundi wengi wasio na vyeti vya shule karatasi ya kuonyesha kwamba wajua kazi. Huko Thika kuna kituo cha serikali cha mafunzo na utengenezaji wa viatu, na taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI, iliyoanzishwa mwaka 1979, hushughulika na ngozi pia. Yule ambaye tayari amezoea kisu na sindano hufaidi mafunzo hayo maradufu, kwa kuwa huenda huko na maswali yake mwenyewe.

Jambo hili lagusa nchi nzima. Kwa miaka mingi ngozi za Afrika Mashariki ziliuzwa ng'ambo zikiwa mbichi, au zikiwa zimetengenezwa nusu, kisha zikarudi kwetu zikiwa viatu na mikoba ya bei kubwa. Kiwanda cha Bata huko Limuru kimeonyesha kwa zaidi ya miaka 80 kwamba viatu vyaweza kutengenezwa hapa hapa. Katika miaka ya 2000 serikali ya Kenya iliweka ushuru mkubwa juu ya ngozi mbichi ziendazo nje, na baadaye ushuru huo ukafika asilimia 80, ili kazi na mishahara ibaki nchini. Mwaka 2011 liliundwa baraza maalumu la kustawisha kazi ya ngozi.

Lakini sheria peke yake haishoni. Ngozi iliyozuiliwa isiende ng'ambo bado yangoja mikono ya kuifanyia kazi, na mikono hiyo haipatikani kwa amri. Hupatikana kwa mtu mmoja mmoja aliye tayari kushona mistari 10 juu ya mabaki, pasipo malipo na pasipo kusifiwa, mpaka vidole vyake vijue. Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Msomaji aliye na jioni mbili za nafasi wiki hii aweza kwenda Kariokor, anunue vipande vichache, sindano mbili na uzi, naye atakuwa ameanza. Akiba yake ingali mfukoni, na hasara kubwa awezayo kuipata ni kipande cha ngozi kisichozidi upana wa kiganja.